Kuni, mkaa, gesi au umeme: jikoni kwako Mwanza uanze kubadilisha nini?

Watu wa mtaani hawaniulizi kama moshi una madhara. Kila aliyewahi kupuliza kuni mbichi huku machozi yakimtoka anajua. Wanaloniuliza ni la mfukoni: "Nina elfu themanini, ninunue nini?" Mtungi mdogo wa gesi? Jiko banifu, halafu chenji inayobaki niweke akiba ya mkaa? Au nivumilie mwezi mwingine nifikishe bei ya presha kuka ya umeme? Anayeuliza anaishi Igoma, Mabatini, Buhongwa au ng'ambo kule Sengerema, na mwaka huu uwezo wake ni wa kubadilisha kitu kimoja tu. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kabla ya kuchagua jiko, chagua chungu. Kile kinachokaa motoni muda mrefu kuliko vyote ndicho cha kutoa kwenye moshi kwanza. Mengine yatafuata kadiri mfuko unavyoruhusu.

Mapafu yanahesabu nini

Moshi wa jikoni umebeba mengi, ila mawili ndiyo ya kuyajua vizuri. La kwanza ni chembe laini mno, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo usitegemee kuziona. Pua haizikamati, koo haliziwezi. Zinateremka mpaka kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu, na nyingine zinapenya kuingia kwenye damu. Ndiyo sababu moshi hauishii kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na asilimia 32 ya vifo hivyo ni vya magonjwa ya moyo, asilimia 23 ni kiharusi. Nimonia na maambukizi mengine ya mapafu yanachukua asilimia 21, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa asilimia 19, na saratani ya mapafu inafuata. Watoto wa chini ya miaka mitano katika hesabu hiyo ni zaidi ya 237,000.

La pili ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Nitairudia kwenye mkaa, maana huko ndiko kwao.

Mwaka 2021 Shirika hilo lilikaza viwango vyake: wastani wa mwaka wa chembe laini usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa, na wa siku usizidi 15. Kwenye nyumba isiyopitisha hewa vizuri, moshi unaweza kufikisha mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Lakini uzito wa moshi ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni saa unazokaa nao. Chai ya asubuhi ni robo saa. Ugali na dagaa, tuseme saa moja kasoro. Maharage makavu yanakula saa mbili hadi tatu za mkaa, makande yanazidi hapo. Na kuna jambo la kwetu ambalo mtu wa Dar es Salaam hakumbani nalo: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Maharage yale yale yanachelewa kuiva Mwanza kuliko Kariakoo. Ukijumlisha maharage mara tatu kwa wiki, utakuta sehemu kubwa ya moshi anaovuta mama na mtoto aliye mgongoni inatoka kwenye chungu kimoja au viwili.

Kuni

Hapa sina maneno mengi. Kuni juu ya mafiga matatu ndizo zenye chembe nyingi, na chini yake kuna kibaya zaidi: mabua ya pamba na ya mahindi, na samadi kavu, ambavyo kaya nyingi za Kwimba na Magu wanalazimika kupikia kwa sababu miti ya karibu imekwisha. Kama huna njia nyingine kwa sasa, kuna mambo matatu yanayosaidia kweli. Kausha kuni mpaka zigonganapo zilie; kuni mbichi inachoma sehemu ya moto wake kukausha maji yake yenyewe na kukurudishia moshi. Pasua nyembamba. Pika nje au chini ya banda lililo wazi pande mbili, na usiwe na mtoto mgongoni wakati wa kuchochea. Ila kupikia nje kusikudanganye kwamba umemaliza. Anayeinama kuchochea uso wake uko nusu mita kutoka kwenye moto, na hapo upepo haujafika.

Jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa ni hatua nzuri kwa kijijini, mradi bomba lisafishwe. Bomba lililojaa masizi linarudisha moshi wote ndani.

Mkaa

Mkaa ndio unaoendesha mji huu, na sifa yake kubwa ndiyo hatari yake: watu wanasema hauna moshi. Simama karibu na jiko la mkaa tangu linapowashwa uone. Mkaa umepangwa, chini imewekwa karatasi, mara nyingi na kipande cha plastiki au cha ndala iliyochakaa ili moto ushike haraka. Dakika ishirini za kwanza jiko linatoa moshi mweupe mzito, wenye harufu ya mpira, na ni wakati huo huo mtu yuko ameinama analipepea kwa mfuniko wa ndoo. Baadaye mkaa unakuwa mwekundu, moshi wa macho unapotea, jiko linaingizwa koridoni "sasa limetulia". Hapo ndipo kaboni monoksaidi inapotoka kwa wingi.

Hewa hiyo inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua vizuri kabisa, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu haibebi anachokihitaji. Dalili zake zinafanana na malaria inayoanza: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Ukiona mpishi anaumwa kichwa kila akipika na kinaacha akitoka nje, usikimbilie panadol, angalia dirisha. Na lile la kulaza jiko chumbani lenye makaa yaliyofunikwa majivu ili asubuhi liwake upesi, au kuliingiza ndani usiku wa mvua kwa ajili ya joto, halina kiasi salama. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko lilale nje, hata kama litaibiwa.

Kwa bei, mkaa unaonekana nafuu kwa sababu unanunuliwa kwa kopo. Hakuna anayejua ametumia kilo ngapi kwa mwezi. Nenda na kopo lako moja duka lenye mizani, lipime, kisha uandike kwa wiki mbili tu unatumia makopo mangapi. Namba hiyo utaihitaji hapo chini kwenye gesi.

Vipi jiko banifu? Lile lenye udongo ndani na bati nje linapunguza mkaa kwa theluthi mpaka nusu. Kwa mfuko, ninalipendekeza bila kusita. Linarudisha fedha yake haraka kuliko kitu kingine chochote katika ulinganisho huu. Kwa mapafu, niko baridi. Utafiti mkubwa ulifanyika Malawi, wilaya za Chikwawa na Karonga, ukafuatilia watoto zaidi ya 10,000, nusu ya kaya zikapewa majiko yaliyoboreshwa ya kuni yenye feni ndogo. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwishoni mwa 2016: nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano haikupungua. Majiko yaliharibika, watu waliendelea na mafiga pembeni, na taka za mtaa mzima ziliendelea kuchomwa. Kwa hiyo ukinunua jiko banifu, nunua kwa sababu ya bei ya mkaa. Ukiambiwa limemaliza habari ya moshi, umeuziwa maneno.

Mkaa mbadala niuseme hapo hapo. Ule wa pumba za mpunga na vumbi la mkaa, ambao Kanda ya Ziwa malighafi yake hailipi nauli ya mbali, unawaka pole pole na moshi wa macho ni mdogo. Kaboni monoksaidi iko pale pale. Uliotengenezwa kwa makaa ya mawe uulize kabla hujanunua, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri makaa ya mawe ghafi yasitumike kabisa nyumbani, na muuzaji wa rejareja mara nyingi hajui ghafi ni yapi na yaliyosafishwa ni yapi.

Mafuta ya taa? Hapana. Yanashauriwa kuachwa jikoni na kwenye taa pia. Koroboi inatoa masizi mengi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Wavuvi wa dagaa waliotoka kwenye karabai wakaingia kwenye taa za sola wanajua tofauti kwa pua zao.

Gesi

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ikiwaka bluu, chembe inazotoa ni kidogo sana ukilinganisha na mkaa au kuni, na kuwasha ni sekunde moja. Ile dakika ishirini ya kupepea inafutika. Kwa mtu anayewahi daladala ya saa kumi na mbili, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo maneno ya mtaani yanapopotosha. Kilo moja ya gesi, ukizingatia joto linaloingia kwenye sufuria kweli na si linalopotea pembeni, inafanya kazi ya kilo tatu na nusu hadi nne za mkaa kwenye jiko la kawaida. Mtungi wa kilo 6 basi ni sawa na kilo kama 22 za mkaa. Chukua bei ya kujaza mtungi mtaani kwako, igawanye kwa 22. Ukipata namba ndogo kuliko unavyonunua kilo ya mkaa kwa bei ya kopo, gesi tayari ni rahisi kwako na ulikuwa hujui. Wanaonunua mkaa kwa gunia moja kwa moja kutoka kwenye lori huenda wasione tofauti, au wakaona mkaa bado uko chini. Wa kopo, mara nyingi wanashangaa.

Tatizo la gesi halimo kwenye hesabu ya mwezi, limo kwenye siku. Elfu moja ya mkaa inapatikana jioni yoyote; elfu ishirini na kitu ya kujaza mtungi inadaiwa siku moja, na siku hiyo inaweza kuangukia kwenye ada ya shule. Ndiyo maana nyumba nyingi utaona mtungi uko juu ya kabati umefunikwa kitambaa cha kufumwa, na jiko la mkaa linawaka mlangoni. Serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imekuwa ikitoa mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Vizuri sana. Lakini ruzuku ya mtungi wa kwanza si ruzuku ya mtungi wa tatu. Anayetaka gesi imfae aanze kutenga fedha ya kujaza siku ile ile aliponunua, kidogo kidogo, kwenye simu au kwenye kibubu, sawasawa na alivyokuwa akitoa ya kopo.

Woga wa kulipuka nauheshimu, ila una dawa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona. Mtungi ukae wima, mpira usipite nyuma ya moto, rigulata ifungwe kila usiku. Ukisikia harufu, fungua mlango, usiwashe wala kuzima taa, toa mtungi nje. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu linavuja. Kazi ya dakika moja.

Niwe mkweli pia kwa upande wa afya, kwa sababu matangazo hayasemi hili. Utafiti mwingine mkubwa ulihusisha kaya zaidi ya 3,000 zenye wajawazito katika nchi za Guatemala, India, Peru na Rwanda. Nusu walipewa jiko na gesi bure. Moshi waliovuta ulishuka sana. Hata hivyo nimonia kali kwa watoto wao katika mwaka wa kwanza haikutofautiana kwa kiasi cha kutosha. Je, gesi haina maana? Sivyo ninavyosoma mimi. Nimonia ya mtoto ina milango mingi: lishe, chanjo, msongamano wa watu chumbani, maji na mikono. Moyo na mapafu ya mama aliyepika miaka thelathini ni hesabu nyingine, ya muda mrefu. Ninachokataa ni ahadi ya kwamba ukinunua mtungi leo mtoto hatakohoa kesho.

Umeme

Hapa ndipo penye ubishi mwingi na maarifa machache. Mtu akisikia "kupikia umeme" anaona lile jiko la koili linalokula LUKU usiku mmoja, na hajakosea: koili ya wati 1,500 ikichemsha maharage saa mbili na nusu inaweza kumaliza zaidi ya uniti mbili. Presha kuka ni mnyama mwingine. Imefunikwa, imezungushiwa kitu cha kuzuia joto, na mvuke ukibanwa ndani joto linavuka nyuzi 110, kwa hiyo ile adha yetu ya maji kuchemka kwenye 96 inaondoka. Inavuta wati kama 1,000, lakini ikishapata presha inajizima na kujiwasha yenyewe. Nusu kilo ya maharage inaiva kwa uniti 0.3 hadi 0.5.

Weka bei. Kwa tarifa ya kawaida ya TANESCO, uniti ni shilingi 292, ukiongeza kodi na tozo inafika karibu 356. Nusu uniti ni chini ya shilingi 180. Kwa tarifa ya matumizi madogo, ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti ni 100 kabla ya kodi. Maharage yako yanagharimu kama shilingi 60. Nionyeshe kopo la mkaa la bei hiyo. Na moshi ndani ya nyumba ni sifuri. Si kidogo, ni sifuri.

"Hayana ladha." Nimesikia. Maharage yakitoka kwenye presha yanaungwa vilevile kwa kitunguu, nyanya na karanga, na anayebisha apewe bakuli bila kuambiwa yamepikwa wapi.

Kasoro zake ni za kweli. Ugali hausongwi humo. Sufuria ya ndani inazunguka, na dona la Kisukuma linahitaji mwiko, mkono na sufuria iliyobanwa. Samaki wa kukaanga pia hapana. Bei ya kununua iko juu, mara mbili au zaidi ya seti ndogo ya gesi. Umeme ukikatika katikati ya mapishi chakula kinakaa kwenye joto lake, lakini kama hakijaiva utasubiri. Usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba yenye televisheni na friji. Iende moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Kasoro kubwa kuliko zote sikuisoma kwenye maelezo ya kiwanda. Ni mwenye nyumba. Kwenye nyumba za kupanga, vyumba sita vinachangia LUKU moja, na sheria ya kwanza unayoambiwa ukikabidhiwa ufunguo ni "hakuna jiko la umeme, hakuna pasi, hakuna hita." Mpangaji akiingiza presha kuka, anapika kwa kujificha. Suluhisho lililopo ni mita ndogo ya ndani kwa kila chumba, ambayo fundi yeyote wa umeme anaifunga, kila mtu akalipa uniti zake. Ukiweza kwenda kwa mwenye nyumba na hesabu ya nusu uniti mkononi, nenda. Wengi wanakataa kwa sababu wanawaza koili.

Kwa hiyo yupi achukue nini

Aliyepanga chumba kimoja na kupikia koridoni: kama LUKU ni yako au una mita ndogo, subiri ule mwezi mmoja, chukua presha kuka. Maharage, makande, utumbo, makongoro, kuku wa kienyeji, yote yahame huko. Ugali na chai vibaki kwenye mkaa kwa sasa, ukiwashia nje na bila plastiki. Umetoa saa nyingi za moshi kwa kifaa kimoja. Kama LUKU ni ya pamoja na mwenye nyumba hataki kusikia, mtungi wa kilo 6, na uanze na vyakula vya haraka, maana humo ndimo gesi inapodumu. Ukiuchemshia maharage saa tatu bila kuyaloweka, utaisha kabla ya wiki tatu na utarudi kwenye kopo ukiitukana gesi. Loweka usiku kucha. Hata kwenye mkaa, loweka.

Mwenye nyumba yake na uwezo kidogo: vyote viwili, presha kuka na gesi ya plate mbili. Sijaona mchanganyiko unaoushinda.

Mama lishe ni habari nyingine. Anapika kuanzia alfajiri hadi saa tisa, sufuria kubwa nne kwa zamu, kwa hiyo yeye ndiye mwenye saa nyingi za moshi kuliko mtu yeyote mjini, na wateja wake wanazivuta kidogo pia. Mtungi wa kilo 6 hapo ni mchezo; anahitaji wa 15 au wa 38 na jiko la miguu lenye moto mkubwa. Kama ana mahali penye umeme, presha kuka kubwa mbili za maharage na nyama zinamwokoa mkaa mwingi. Tayari taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Mama lishe hayumo kwenye agizo hilo, lakini fundi na majiko makubwa yaliyoletwa kwa ajili ya shule anaweza kuyatumia.

Mwenye ng'ombe wawili watatu wa zizini, Misungwi au Magu, aangalie biogesi kabla ya mtungi. Samadi na maji ya kila siku vikiwepo, moto ni wa bure na bluu. Ng'ombe wa kuchungwa mbali hawafai, maana samadi yao iko porini.

Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi. Ile nene ya N95 inazizuia, ila haizuii kaboni monoksaidi. Na maziwa, ambayo kila anayefanya kazi ya vumbi au moshi hapa anaambiwa anywe "kusafisha kifua", yanaenda tumboni. Kunywa kwa sababu ni chakula.

Wabanikaji samaki

Nimewaacha mwisho kwa sababu hakuna jiko kati ya haya linalowahusu. Ukienda kwenye mialo, yaani kunakoshushwa samaki, kuanzia Mwaloni Kirumba mpaka visiwani Ukerewe, utaona chanja: matofali au mawe yamezungushwa, waya juu, sangara waliokatwa wamepangwa migongo juu, kuni chini. Mafuta ya sangara yanadondoka kwenye moto, moto unayarudisha yakiwa moshi mweusi wenye kemikali zinazoweza kuleta saratani, na moshi huo unaingia kwenye samaki na kwenye kifua cha aliyesimama akimgeuza. Anageuza kwa mkono, mmoja mmoja, kwa saa nyingi.

Chaguo hapa ni matatu. Chanja wazi, hapo juu umeshaiona. La pili ni tanuri la Chorkor, lililotokea kijiji cha wavuvi cha jina hilo kule Ghana mwishoni mwa miaka ya 1960: sanduku la matofali au udongo, trei za mbao na waya zinapangwa moja juu ya nyingine, moshi unapita kwa zote. Linakula kuni chache na kubeba samaki wengi, na kwa kuwa trei zinabadilishwa nafasi nzima nzima, saa za kuinama juu ya moto zinapungua. Fundi wa matofali wa kawaida analijenga. La tatu ni lile lililotengenezwa Senegal na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kuanzia 2008, linaloitwa FTT-Thiaroye. Lina trei ya kukusanya mafuta kabla hayajafika motoni, na kukausha kunatenganishwa na kufukiza, kwa hiyo samaki anaiva bila ule moshi mweusi. Ni ghali zaidi. Kwa mtu mmoja silipendekezi. Kwa kikundi cha wanawake kumi chini ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, wanaouza kwa wateja wanaoanza kuuliza usalama wa samaki, ndilo ningelipigania.

Dagaa hawahitaji moshi kabisa, wanahitaji jua na chanja ya wavu iliyoinuka kutoka kwenye mchanga. Tabu inakuja masika.

Na kabla ya matofali kuna upepo, ambao ni bure. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Mbanikaji wa mchana asimame mgongo ukiwa ziwani, moshi utamwacha. Wa usiku ahamie upande wa pili wa tanuri. Shida ni kwamba moshi unaomwacha mchana unapanda mlimani kwenye nyumba, kwa hiyo mialo yenye makazi yaliyobanana ingefaa ibanike usiku, na iongee na waliolala kando ya maji kabla ya kuanza.

Kwa wote, wa mjini na wa mwaloni: kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza kabla ya kulaumiwa moshi, na kipimo hicho ni bure kwenye vituo vya serikali. Mtoto anayekohoa mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, au mbavu za chini zikiingia ndani anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo.